Kwa Nini Waridi la Chunguni Hufia Sebuleni, na Jinsi ya Kuliokoa

Na Mwandishi Wetu, Kitengo cha Mawasiliano, Kaunti ya Nakuru

Kila Februari, Siku ya Wapendanao inapokaribia, na tena mwezi wa Mei wakati wa Siku ya Akina Mama, vyungu vidogo vya waridi huuzwa madukani na kwenye vitalu vya miche vya kando ya barabara. Mnunuzi hukibeba chake kwa uangalifu ndani ya matatu, hufika nacho nyumbani na kukiweka mahali pa heshima: juu ya meza ya sebuleni, katikati ya kitambaa kilichofumwa, karibu na televisheni. Wiki ya kwanza wageni hukisifu. Wiki ya pili majani ya chini huanza kugeuka manjano. Mwezi haujaisha vizuri, chungu kizima kimeingia kwenye pipa la taka.

Anayekitupa mara nyingi hujilaumu kwamba hana mkono wa maua. Mwandishi wa makala haya naye alisema hivyo alipopoteza chungu cha pili, hadi siku alipomweleza jirani yake anayefanya kazi katika shamba la maua. Jirani hakutaka kusikia habari za mkono. Aliuliza mambo mawili tu: mwanga unaingilia wapi, na maji yanatokea wapi?

Maswali hayo mawili yanabeba sehemu kubwa ya utunzaji wa waridi la chunguni. Kaunti yetu, hasa eneo la Naivasha, imekuwa ikikuza maua ya kuuzwa ng'ambo tangu miaka ya 1970, na familia nyingi zinaishi kwa kazi hiyo. Hakuna sababu ya mmea unaostawi vizuri hivyo katika hali ya hewa yetu kufa ndani ya nyumba zetu. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuutunza bila gharama kubwa, na bila kuingiza sumu mahali ambapo watoto wanalala.

Mwaridi mdogo ni mmea gani?

Mwaridi mdogo ni mwaridi kamili, wenye miiba, majani na maua yenye umbo lilelile tunalolijua, ila kila kitu ni kidogo. Mingi hukua kufikia urefu wa kati ya sentimita 15 na 45. Asili yake ni miwaridi mifupi ya China. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Henry Correvon, alitangaza mwaridi mdogo uliokuwa ukioteshwa vyunguni kwenye madirisha ya nyumba za kijiji cha milimani. Baadaye wakuzaji wa Uholanzi, Uhispania na Marekani waliizalisha aina nyingi zaidi. Maarufu kati yao ni Ralph Moore wa California, aliyeishi hadi umri wa miaka 102 na kufariki mwaka 2009.

Jambo la kukumbuka katika historia hiyo ni lile dirisha. Tangu mwanzo mmea huu uliishi ndani ya chungu, lakini mahali penye jua. Udogo wake haujaufanya kuwa ua la kivulini. Ukiuweka katikati ya sebule, ni sawa na kupanda mahindi chini ya mwembe.

Siku ya kwanza nyumbani

Chungu kikifika nyumbani, ondoa karatasi ya plastiki au ya kung'aa iliyokizunguka. Karatasi hiyo inapendeza macho, lakini huzuia hewa kupita kati ya majani, na chini yake maji hukusanyika bila wewe kuyaona. Mizizi ikikaa ndani ya maji hukosa hewa na kuoza.

Kisha angalia mashina. Chungu kimoja cha dukani kwa kawaida huwa na miche mitatu au minne iliyopandwa pamoja ili kionekane kimejaa. Mwanzoni haina shida. Baada ya miezi kadhaa mizizi huanza kugombania nafasi, na hapo utalazimika kuihamishia kwenye chungu kikubwa zaidi au kuitenganisha.

Usishtuke majani machache yakianguka katika wiki mbili za kwanza. Mmea umetoka kwenye banda la plastiki lenye mwanga, joto na unyevu uliopimwa, na sasa unazoea nyumba yako. Wengi huona majani yakianguka, wakadhani mmea una kiu, wakaongeza maji kila siku. Ni maji hayo ndiyo huumaliza.

Mwanga: chagua dirisha kwa kufuata jua letu

Mwaridi unahitaji jua la moja kwa moja kwa jumla ya saa sita kwa siku. Ukipata saa nne utaishi, ingawa maua yatapungua.

Mashauri mengi yaliyoandikwa Ulaya humwambia msomaji atafute dirisha linalotazama kusini. Kwa Ulaya ni sawa, kwa sababu huko jua hupita upande wa kusini mwaka mzima. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta, na jua letu huhama. Dirisha la kusini hupata jua kati ya Oktoba na Februari, kisha likakaa kivulini miezi ya katikati ya mwaka. La kaskazini hupata jua kati ya Aprili na Agosti.

Kwa hivyo dirisha la kutegemewa mwaka mzima ni la mashariki. Jua la asubuhi ni la upole, na hukausha umande na matone ya maji kwenye majani mapema. La magharibi nalo linafaa, ila jua la alasiri huwa kali, na chungu kidogo hukauka upesi. Ukiwa na balkoni au veranda, chungu kikae huko mchana.

Kuna kipimo rahisi. Saa nne asubuhi, weka mkono wako mahali unapotaka kuweka chungu. Ukiona kivuli cheusi chenye kingo zilizo wazi, mwanga unatosha. Kivuli kikiwa hafifu, au kisipoonekana kabisa, tafuta mahali pengine. Geuza chungu robo mzunguko kila wiki ili mmea usiinamie upande mmoja.

Vipi kuhusu nyumba ya kupanga ambayo dirisha lake linatazama ukuta wa ploti ya jirani? Njia ya kwanza ni kukitoa chungu nje asubuhi na kukirudisha jioni. Njia ya pili ni taa nyeupe ya LED iliyoning'inizwa sentimita 15 hadi 20 juu ya mmea na kuwashwa kwa saa 14 kila siku. Taa ya wati 20 ikiwaka hivyo hutumia takriban uniti 8.4 za umeme kwa mwezi; piga hesabu ya tokeni kabla ya kuamua. Ikiwa njia zote mbili haziwezekani, ni afadhali kukubali ukweli: furahia maua hayo wiki mbili tatu kama unavyofurahia shada, kisha mpe mmea mtu mwenye jua.

Maji: yaingie, na yatoke

Mwaridi hauna ratiba ya maji. Chungu kidogo kinaweza kuhitaji maji kila siku katika joto la Januari na Februari, na mara mbili tu kwa wiki katika baridi ya Julai. Badala ya kufuata kalenda, ingiza kidole kwenye udongo hadi pingili ya kwanza. Ukihisi ubaridi na unyevu, subiri. Ukihisi ukavu, mwagilia. Unaweza pia kukiinua chungu. Ukikizoea utajua uzito wake kikiwa kimeshiba na kikiwa na kiu.

Unapomwagilia, mwaga polepole juu ya udongo mpaka maji yatoke kwenye matundu ya chini. Baada ya nusu saa, mwaga yote yaliyobaki kwenye kisahani. Hili lina faida mbili. Mizizi haitaoza, na mbu hawatapata mahali pa kutagia. Maafisa wa afya ya jamii huwakumbusha wakaazi kumwaga maji yaliyotuama kwenye makopo na magurudumu makuukuu. Kisahani cha ua kina hatari ileile.

Mwagilia asubuhi. Majani yanayolala na maji huvuta magonjwa ya ukungu.

Chunguza pia maji yenyewe. Maji ya visima vingi vya kuchimbwa katika Bonde la Ufa yana madini mengi. Ukiona utando mweupe juu ya udongo au kwenye ukingo wa chungu, hiyo ni chumvi iliyobaki maji yalipokauka, na ikizidi huunguza ncha za majani. Kinga maji ya mvua kwenye ndoo safi yenye kifuniko uyatumie kwa maua. Ukikosa, mara moja kwa mwezi mwagilia chungu kwa maji mengi hadi yatoke kwa wingi chini, ili yasafishe chumvi hiyo.

Udongo, chungu na chakula

Udongo wa shambani peke yake hushikana ndani ya chungu na kuwa kama tofali. Mchanganyiko mzuri ni sehemu mbili za udongo mweusi, sehemu moja ya samadi iliyooza kabisa au mboji, na sehemu moja ya kitu cha kupitisha maji. Kitu hicho tunacho kwa wingi: yale mawe mepesi ya volkano yanayopatikana maeneo ya Naivasha na Longonot. Mashamba ya maua huyatumia kukuzia waridi. Yaponde yawe na ukubwa wa punje za mahindi, kisha uyaoshe vumbi.

Chungu kikiwa cha udongo, cha plastiki, au hata mkebe wa rangi ulioisha na kuoshwa vizuri, sharti ni moja: kiwe na matundu chini. Hamishia mmea kwenye chungu kinachozidi cha zamani kwa sentimita chache tu. Chungu kikubwa mno hubaki na maji ambayo mizizi haiwezi kuyamaliza.

Mmea unaotoa maua unakula sana, na chakula kilichomo chunguni huisha haraka. Unapochanua, upe mbolea ya maji ya NPK kila baada ya wiki mbili, kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mwagilia maji matupu kwanza, kwani mbolea kwenye udongo mkavu huunguza mizizi. Usichote konzi ya mbolea ya mahindi iliyobaki stoo ukaitupia chunguni. Kiasi kinachotosha shina la mahindi shambani kinaweza kuua mwaridi kwa siku chache.

Tabia nyingine ya kuacha ni kumwaga masalio ya chai chunguni. Chai yetu huchemshwa na maziwa na sukari. Majani yake yakiwekwa kwenye udongo huota ukungu na kuvuta vijinzi.

Kukata ndiko kunakoleta maua

Ulaya miwaridi hupumzika wakati wa baridi kali. Hapa kwetu mchana ni takriban saa 12 mwaka mzima na hakuna theluji, kwa hivyo mmea hujaribu kuchanua bila kupumzika. Ukiachwa hivyo hurefuka, huchoka na kubaki vijiti. Mkasi wako ndio majira yake.

Ua likinyauka, fuata kikonyo chake kuteremka hadi jani la kwanza lenye vijani vitano, kisha kata juu kidogo ya hapo. Chagua jicho linalotazama nje ya mmea ili tawi jipya lisiingie katikati. Baada ya wiki sita hadi nane, kwa kawaida, maua mengine huwa yamefika. Mara moja kwa mwaka kata mmea wote ubaki na nusu ya urefu wake, na uondoe matawi yaliyokauka. Mwisho wa Agosti, baridi inapopungua, ni wakati mzuri. Futa mkasi kwa spiriti kabla na baada ya kazi.

Matumba yakianguka kabla ya kuchanua, tazama kilicho karibu. Ndizi zinazoiva hutoa gesi inayozeesha maua haraka, na moshi wa jiko nao huwa na gesi hiyo. Usiweke mwaridi kando ya bakuli la matunda wala jikoni. Na tukumbushane: jiko la makaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa sababu hewa yake huua watu kimyakimya.

Wadudu na ukungu: anza na maji na sabuni

Adui mkubwa wa mwaridi wa ndani ni utitiri. Ni mdogo kiasi kwamba ni vigumu kuuona, lakini dalili zake ziko wazi: vidoa vya rangi hafifu juu ya majani, na utando mwembamba kama wa buibui upande wa chini. Hupenda hewa kavu na yenye joto. Beba chungu hadi bafuni au kwenye mfereji, funika udongo kwa mfuko, kisha osha majani upande wa chini kwa maji yenye nguvu kiasi. Rudia kila baada ya siku mbili au tatu kwa wiki mbili, maana mayai huanguliwa kwa zamu.

Vidukari, wale wadudu wa kijani wanaojazana kwenye matumba, huondoshwa vivyo hivyo. Wakikaidi, changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali katika lita moja ya maji. Jaribu kwanza kwenye jani moja, usubiri siku moja. Lisipoungua, nyunyizia mmea wote jioni, kisha uusuuze asubuhi.

Majani yakionekana kama yamepakwa unga wa ngano, huo ni ubwiri unga. Hutokea sana usiku ukiwa baridi na mchana joto, hali tunayoijua vizuri hapa. Madoa meusi ya mviringo yanayofuatwa na majani kugeuka manjano ni ugonjwa mwingine wa ukungu, unaoenezwa na majani yenye maji. Yote mawili hupunguzwa kwa kuondoa majani yaliyougua, kuyatupa mbali na chungu, kutenganisha vyungu na kufungua dirisha hewa ipite.

Sasa tuseme lililo zito zaidi. Usinyunyizie ndani ya nyumba dawa ya nyanya, ya mahindi au ya shamba la maua. Kila dawa iliyosajiliwa na bodi ya kitaifa ya kudhibiti dawa za wadudu, PCPB, imeidhinishwa kwa matumizi yaliyoandikwa kwenye lebo yake. Dawa ya shambani hupuliziwa penye hewa tele na mtu aliyevaa mavazi ya kujikinga. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kitanda, sufuria na mtoto si mahali pake.

Usikubali kamwe kuuziwa au kupewa dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Mtoto haoni dawa, anaona soda. Mtu akimeza dawa, usimlazimishe kutapika. Mkimbize kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na ubebe chupa au pakiti ili mhudumu ajue ni sumu gani. Vilevile, petali za waridi ulilonunua zisitiwe kwenye chai wala keki, kwa kuwa hujui lilipuliziwa nini kabla ya kukufikia.

Mwaridi wa mamia ni mwaridi mmoja? Unaweza kuwa

Ukishaumudu mmea mmoja, unaweza kuzalisha mingine. Kata kijiti cha sentimita 8 hadi 10 kutoka tawi lililomaliza kuchanua, uondoe majani ya chini na ubakize mawili ya juu. Kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mawe mepesi, mwagilia, na ukifunike kwa nusu ya chupa ya maji ya plastiki. Kiweke penye mwanga bila jua kali. Baada ya wiki nne hadi sita kitakuwa na mizizi.

Kwa vijana na vikundi vya akina mama wanaofikiria kuuza miche hiyo, kuna tahadhari moja. Aina nyingi mpya za waridi zina wenyewe kisheria. Haki hizo husimamiwa nchini na KEPHIS, na kuzalisha aina iliyolindwa kwa ajili ya biashara bila ruhusa ya mwenyewe ni kosa. Uliza kabla ya kuwekeza. Zipo aina za zamani zisizo na ulinzi huo ambazo mtu anaweza kuanza nazo.

Kazi za wiki kwa ufupi

• Kila siku: gusa udongo kwa kidole, mwagilia asubuhi ikiwa tu umekauka.
• Kila unapomwagilia: mwaga maji ya kisahani baada ya nusu saa.
• Kila wiki: geuza chungu, kata maua yaliyonyauka, na utazame upande wa chini wa majani.
• Kila wiki mbili mmea ukichanua: mbolea ya maji, nusu ya kipimo.
• Kila mwezi: safisha chumvi kwa maji mengi.
• Kila mwaka: kata nusu ya urefu, badilisha udongo.

Mkaazi mwenye swali kuhusu ugonjwa wa mmea, au anayetaka kuanzisha kitalu, anaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi yake. Nenda na jani lenye dalili ndani ya mfuko uliofungwa, au picha yake kwenye simu. Na kabla hujaondoka nyumbani, jiulize yale maswali mawili ya jirani: mwanga unaingilia wapi, na maji yanatokea wapi? Huenda ukakuta jibu hapo dirishani.